Kengele ya Kifafa Iliyolia Bila Kifafa

Usiku wa tisa mfululizo kengele ililia, na kwa mara ya tisa nikamkuta mdogo wangu amelala fofofo.

Hakuna povu, hakuna kukakamaa. Anakoroma zake taratibu.

Nikamtikisa bega. "We! Uko sawa?"

Akafungua jicho moja. "Kaka, ukiniamsha tena nahama. Haki ya Mungu, nahama."

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkaniona kichaa.

Huyu mdogo wangu wa kike ana kifafa tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, na chake kina tabia ya kumvizia usingizini. Kwa miaka kumi na tatu mama alilala naye chumba kimoja, mkono juu yake. Sasa binti ni msusi, ana wateja wake, akasema imetosha. Anataka chumba chake na mlango wake. Akatuapisha mimi na mama: mtu asiingie usiku bila sababu.

Mimi ni fundi wa sofa, nalala uani, chumba kilichoungana na karakana. Nikatafuta kile kifaa cha kisasa. Ni pedi bapa unayoiweka chini ya godoro, mgonjwa akitikisika mfululizo, kisanduku kinapiga kelele kwa anayemlinda. Kisanduku nikakiweka kwangu.

"Mama, umeshachoka," nikamwambia kwa kujidai. "Pumzika sasa, mwanaume yupo."

Mama hakujibu kitu. Nami, kichwa maji, nikadhani amefurahi.

Usiku wa kwanza tu, saa nane, kikalia. Nikatoka mbio na ndala moja, nikahangaika na komeo la mlango wa nyuma, nikaingia. Binti amelala.

Nikabadilisha betri. Nikahamisha pedi. Nikakitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wapi! Saa nane ikifika, kinalia. Ikawa hata kabla hakijalia nimeshakaa kitandani nakisubiri.

Baada ya ule usiku wa tisa, akaanguka saluni. Mchana kweupe, kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwake! Akapasuka paji la uso kwenye kona ya meza. Tangu azaliwe hajawahi kuanguka mchana.

Nesi wa kliniki alimshona, kisha akaniita pembeni.

"Analala vizuri huyu?"

Nikamweleza habari za kengele. Akavua miwani.

"Kwa hiyo unamwamsha kila usiku?"

"Namlinda, sista."

"Kukosa usingizi kunakiamsha kifafa. Unakichokoza mwenyewe, kaka yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Basi nikizime?"

"Na siku kikilia cha kweli?"

Nikikimbilia kila kengele, namwangusha mchana. Nisipokwenda, anaweza kunifia usiku mmoja tu. Hebu niambieni, ningefanya nini?

Usiku ule sikulala kwangu. Nilijibanza kwenye korido, nyuma ya kabati, kisanduku mfukoni nimekitoa sauti kibaki kutetemeka. Mbu wananitafuna, mguu umekufa ganzi. Nikasema leo kifaa hiki na mimi, mmoja wetu atajulikana ni mwongo.

Saa nane kasoro, mlango wa mama ukafunguka.

Akanipita pekupeku, hatua tatu tu, akaingia kwa binti. Nikachungulia. Alipiga magoti, akaweka viwiko juu ya godoro, akaanza kuomba. Analia chini kwa chini, mwili mzima unayumba, mbele nyuma, mbele nyuma.

Mfukoni, kisanduku kikaanza kutetemeka.

Jamani! Siku zote hizo kifaa kilikuwa kinanasa maombi ya mama. Akisikia nahangaika na komeo, anakimbilia kitandani kwake, mimi naingia na kumwamsha mtoto wa watu.

"Mama!"

Akashtuka. "Shhh! Utamwamsha."

"Mimi? Wewe ndiye unayemwangusha!"

Lilinitoka tu. Kama ningeweza kulirudisha, ningelirudisha.

Mama akakaa sakafuni. "Miaka kumi na tatu nimelala na mkono juu yake. Umekuja na kidude chako unaniambia nipumzike. Kwani kidude kilimzaa? Nitalalaje, baba, wakati siku likitokea jambo mimi siye nitakayeitwa?"

Nikachuchumaa mbele yake.

Sauti ikatoka kitandani. "Mimi nilikuwa najua."

Tukageuka wote.

"Kila siku nasikia godoro linavyotikisika, najifanya nakoroma," mdogo wangu akasema, macho kwenye dari. "Mama akishaomba ndiyo anapata usingizi. Asingeingia, angezunguka hadi kunakucha. Nikaona bora nikose mimi."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Nikatoa kisanduku, nikamwekea mama mkononi. "Kuanzia leo kitakuita wewe."

Akakigeuzageuza. "Nabonyeza wapi?"

Tukamfundisha. Akakiweka chini ya mto wake, akalala mpaka jua likaingia dirishani. Hajawahi! Mimi na mdogo wangu tukaenda kumchungulia kama anapumua.

Baada ya miezi miwili, kikalia cha kweli. Niliona taa imewaka; nilipofika mbio kutoka uani, mama alikuwa ameshamgeuza ubavu, ameondoa mto, macho yako kwenye saa ya ukutani.

"Dakika moja na nusu," akasema bila kunitazama. "Kimeshapita. Rudi ukalale, baba."

Ndugu zangu, kabla hujamtua mtu mzigo, muulize kwanza kama yeye anauita mzigo. Mimi nilidhani nampumzisha mama, kumbe nilikuwa nimemfukuza kazi.