Kikombe cha Mbeba Sangara

Wiki hii, kule Buhongwa, tumemzika yule mzee wa kikombe aliyezunguka na maji pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua, na leo nina la kukiri.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kabla sijaanza kuandika magazetini, nilikuwa karani wa mizani. Biashara ilikuwa imefunguliwa, viwanda vya minofu vinataka sangara, na kila mtu ana haraka. Wabebaji walipanga foleni ndani ya ziwa, maji kiunoni, wakingoja zamu ya kutwishwa. Kanuni ilikuwa moja: anayetoka, hata kwa haja ndogo, anarudi mkiani. Basi hawakunywa maji. Jamani, watu walishinda ziwani midomo imewakauka! Msimamizi wa kanuni hiyo nilikuwa mimi, tena kwa kiburi cha kijana mwenye kalamu. Mizani yangu ilipima samaki tu.

Mzee huyo alikuwa mbebaji hodari kuliko wote. Siku moja aliinama kumpokea sangara, akabaki ameinama. "Karani, mgongo umegoma," alisema, na sisi tukacheka. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa samaki. Muuguzi akamuuliza amekunywa nini tangu asubuhi. "Chai," akajibu, "ila ya jana." Mama yule hakucheka. Alitueleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vyenye maji, ndivyo vinavyopokea uzito, na mwili ukikaukiwa maji, navyo husinyaa. "Maji hayapunguzi uzito wa samaki wenu," alisema akinitazama mimi, "lakini mnamkaushaje mtu, halafu mnamtwisha?" Nilitazama viatu vyangu.

Hakubeba tena. Baada ya miezi kadhaa alirudi, mgongo umepinda, na dumu la maji yaliyochemshwa na kikombe kimoja cha bati. Alikuja moja kwa moja kwenye mizani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karani, nataka hawa wanywe. Wakitoka kujisaidia, utawatunzia nafasi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema kwa mdomo, wasikie."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Nitawatunzia," nikasema. Foleni nzima ilipiga makofi, na samaki wa siku ile walifika kiwandani kama kawaida.

Tunasifu biashara huria, na mimi naisifu. Lakini kazi inayomnyima mtu nafasi ya kumeza maji inamla uti wa mgongo kidogo kidogo, na anayeisimamia hawezi kusema hakujua.

Makaburini tulipanga foleni ya kutia udongo. Jua lilikuwa kali, na tangu asubuhi sikuwa nimekunywa kitu. Mbebaji mmoja wa zamani alinijia na dumu, na kikombe kile kile cha bati.

"Toka ukanywe kivulini, karani," alisema. "Nafasi yako tunakutunzia."

Nikatoka, nikanywa huku nalia. Niliporudi, nafasi yangu ilikuwapo.