Siku Pasta Elia Alipokataa Kubariki Nyumba Yetu

Kaa vizuri, msomaji, unisikilize kama vile umeketi jikoni kwangu, maana nitaanza na harufu. Ni harufu ya chokaa mbichi ukutani, na chini yake harufu ya mawese yaliyokaangwa na mpishi mwingine, ambayo chokaa haikuweza kuifunika. Ndivyo ilivyonukia nyumba tuliyohamia Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi nje ya Kolwezi, kule Katanga, Kongo, nilipokuwa msichana wa miaka tisa. Ilikuwa na vyumba vitatu na bomba la maji uani. Kabla ya hapo tulilala watu sita katika chumba kimoja cha kupanga. Niliipenda nyumba ile kuliko kitu chochote, na sikuuliza masizi ya jikoni yalitokana na moto wa nani.

Nikueleze kwanza mambo yalivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kazi ya shaba ilikuwa imeporomoka. Mishahara ilichelewa miezi, na watu wenye njaa wakaambiwa na wanasiasa kwamba mkosaji ni jirani yao, yule ambaye babu yake alitoka mkoa jirani wa Kasai, hata kama yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa. Waliitwa wadudu. Walifukuzwa kazini na majumbani, wakajazana kwenye stesheni chini ya maturubai, wakisubiri treni ambayo wakati mwingine haikuja kwa majuma mengi. Nyumba zao zikagawiwa wengine. Baba yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole ambaye hakuwahi kumrushia mtu jiwe, alipewa moja. Akaipokea.

Kasisi wa kanisa letu dogo la Kianglikana tulimwita Pasta Elia. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga kama sisi, mrefu, mwenye kanzu iliyopauka kwa kufuliwa. Kila asubuhi alisukuma baiskeli yenye madumu ya maji hadi stesheni. Alibatiza watoto waliozaliwa pale na kuwazika waliofia pale, na Jumapili akasema mbele ya wote kwamba jambo hili ni dhambi, na kwamba dhambi haigeuki kuwa haki kwa kupigiwa makofi. Nusu ya waumini walihama. Baba hakuhama, ila alikaa benchi la nyuma na kuinamisha kichwa. Nadhani ndiyo maana alifanya kosa lile la ajabu: alimwalika Pasta Elia aje kuibariki nyumba.

Kwetu mtu hakai kwa amani katika nyumba mpya mpaka kasisi apite chumba kwa chumba akinyunyiza maji. Mama alipika kuku, sombe, yaani kisamvu, na bukari, yaani ugali wetu, akatandika kitambaa cheupe mezani. Ndugu walikuja mchana wakiwa wamevaa vizuri. Pasta Elia alifika na kitabu chake, akasimama kizingitini. Sala ya mlangoni hutaja jina la mwenye nyumba, kwa hiyo akamwuliza Baba kwa heshima, "Tata, hii nyumba ni ya nani?" Baba akataja jina lake. Pasta hakuanza kusoma. Aliuliza tena, taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya pili. Safari hii Baba alitazama chini, akasema, "Ya Tata Mukendi."

"Na yeye iko wapi?"

"Iko pa stesheni, Pasta."

"Basi mi siwezi kubariki nyumba ya mutu bila kumuuliza," Pasta akasema, akafunga kitabu.

Baba mdogo, ambaye alikuwa amekwisha kuonja bia, alimuuliza kwa kejeli kama siku hizi na yeye amekuwa Mukasai. Pasta Elia akatabasamu. "Leo, ndiyo. Mama, leta ile sufuria."

Tulitembea mwendo mrefu hadi stesheni. Sufuria ya kuku ilining'inia kwenye baiskeli ya Pasta, bukari ikawa kichwani kwa Mama, na mimi nikafuata nikiburuta miguu, maana niliamini tunakwenda kuirudisha nyumba. Tata Mukendi tulimkuta amekaa juu ya sanduku la bati, mke wake na watoto wanne ubavuni. Baba alisimama mbele yake, akamgeukia Pasta. Pasta hakumsemea. Siku ile niliona ni ukatili. Leo najua ulikuwa upendo. Hatimaye Baba akasema, "Tata Mukendi, mi niko mu nyumba yako."

Tata Mukendi akavitazama viatu vya baba yangu. "Najua. Chokaa yote hii." Kisha akaongeza, "Mulango ya nyuma inakamataka wakati ya mvua. Uinue kidogo, halafu usukume."

Hapo Baba akalia. Kisha akauliza wameacha nini ndani ya nyumba. Mama Mukendi ndiye aliyejibu: vyeti vya shule vya watoto, vyote vinne, vimo katika kopo juu ya dari ya jikoni. Bila vyeti hivyo, huko waendako watoto wangerudishwa darasa la kwanza. Treni ilitarajiwa kesho yake. Baba alichukua baiskeli ya Pasta, na kabla jua halijatua akarudi na kopo limefungwa kifuani kwa shati lake.

Nyumba hatukuiacha, maana tungeiacha, angeingia mwingine. Baba akachomelea mkokoteni wa maji, akaenda na Pasta stesheni kila asubuhi mpaka treni ya mwisho. Baadaye Pasta Elia, akiwa amekwisha kumuuliza Tata Mukendi, alikuja kusoma ile sala, na mahali pa jina alisoma majina mawili, la Tata Mukendi likitangulia.

Pasta amekwisha kufariki, na namshukuru Mungu kwamba nilimjua. Leo Kolwezi ina malori mengi na fedha nyingi za madini ya kobalti kuliko tulivyoweza kuota, na bado kuna familia zinazohamishwa zikiwa na magodoro kichwani. Tofauti ni kwamba wenye kuuliza swali la Pasta Elia mlangoni ni wachache. Lakini swali lenyewe si gumu, nawe unaliweza. Ukipewa mahali palipokuwa pa mwingine, uliza ni pa nani, mtafute, mwulize ameacha nini ndani, umpelekee siku hiyohiyo.