Siagi kwenye Rimu

Sijawahi kumtamkia mama yangu neno baya, ila jioni ile lilifika mpaka kwenye meno.

Nilikuwa na safari ya baiskeli ya usiku kucha, kutoka kwetu Endasak hadi Basotu. Mvua ilikuwa imekata barabara kwenye korongo, pikipiki hazivuki. Baiskeli unaibeba begani. Kwenye boksi la barafu nilikuwa na chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Barafu isingehimili jua, na wafugaji wa kule hufungulia mifugo alfajiri. Aliyenitangulia aliwachoma ng'ombe wao chanjo iliyopigwa jua, wakafa vilevile, na wazee wakaapa kutomwamini tena mtu wa sindano. Niliwaahidi kwamba mimi si huyo. Nina stashahada ya afya ya mifugo, niliyojisomesha Arusha kwa kubeba matofali. Hakuna ndugu aliyechangia hata kalamu.

Baiskeli niliiandaa mchana kutwa. Nilikaza spoku, nikatia oili mnyororo, nikafunga tochi kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, nikaweka raba mpya za breki. Kisha nikaenda kuoga. Niliporudi, rimu zote mbili zilikuwa zinang'aa.

"Mama, umepaka nini hapa?"

"Siagi." Kidole chake bado kilikuwa na mafuta. "Kwetu Basotu hakuna anayetoka usiku bila kupakwa baraka. Baba yangu alipakwa miguu. Wewe miguu yako si hiyo?"

"Hapo ndipo breki inaposhika, mama."

"Ndiyo maana nimepaka nyingi."

Mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake isiyo na pa kwenda. Akasema kumbe hata stashahada huteleza. Nilimwambia aliyeishia darasa la saba anyamaze. Alicheka zaidi.

Nilisugua rimu kwa jivu na maji ya moto, nikasugua tena, huku barafu ikiyeyuka ndani ya boksi. Raba mpya zilikwisha kunywa siagi, hazifai. Nikachukua kandambili zangu za tairi, nikakata visigino vyote viwili, nikachonga raba nyingine kwa kisu cha jikoni. Hilo hawafundishi chuoni, nililijua mwenyewe. Mama alitumia nafasi hiyo. Mikono yangu ikiwa imejaa jivu, alinipaka paji la uso na shingo, sikuweza kumzuia. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Mteremkoni breki zilipiga kelele kama mbuzi, lakini zilishika. Korongo nililivuka maji yakiwa magotini, baiskeli begani, boksi kichwani. Nilifika kabla ya jua, ng'ombe wakiwa bado zizini, na barafu ilibaki vipande vichache.

Kaka yake mama alisimama mlangoni mwa zizi na wazee wenzake. Nikatoa shikamoo. Nikaanza kufungua begi nitoe cheti, nilichokifunga kwenye nailoni kisilowe. Mjomba hakukitazama. Alinishika kidevu, akanigeuza shingo kwenye mwanga, akainusa.

"Dada yangu amempaka," aliwaambia wenzake. "Mfungulieni."

Nilichanja zizi zima, na hakuna aliyekufa. Mpaka leo, kule Basotu, nikitaja stashahada yangu wananiuliza kwanza kama mama hajambo.