Hana wa Pili

Juma lililopita jirani yangu hapa Temeke kaleta mashine ya kuchimba kisima. Ilinguruma tangu asubuhi, na kabla ya alasiri maji yalikuwa yanatoka. Watoto wakashangilia, nami nikashangilia nao, ila niliingia ndani mapema. Kisima kimechimbwa mpaka kikaisha bila mtu kumwita mtu! Wewe mwenzangu uliyekulia huku huenda ukanielewa.

Wakati wa Mwingereza, Temeke ilikuwa mikorosho na nyumba za udongo zilizoachana, na baba yangu alikuwa mchimba visima. Mchanga wetu hauna adabu, unaporomoka wakati wowote. Kwa hiyo baba alishusha mapipa ya lami yaliyotobolewa juu na chini, pipa juu ya pipa, ili kuta zisimwangukie. Bibi mzaa baba alivuta kamba ya ndoo, na mimi, mtoto wa kike wa miaka minane, nilimwaga mchanga. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuita. Kila ndoo ikitoka, niiname nipaze sauti: "Mungu mmoja!" Naye baba huko chini aitikie: "Hana wa pili!" Ndivyo tulivyojua kuwa yu salama. Bibi alisema mchimbaji hulindwa na Mungu, lakini Mungu mwenyewe anapenda kuitwa.

Siku moja tulikuwa tunachimba kisima chetu wenyewe, nyuma ya jiko. Mama alikuwa kwao Kisarawe akiuguza. Pipa la tatu lilikuwa halijafika, na kwa kuwa mchanga ulishaanza kulowa, baba akasema achimbe kidogo tu chini ya pipa la pili. Mimi nilikuwa na kishimo changu pembeni, nacheza mdako, kokoto juu, kokoto chini. Niliita, sikusikiliza jibu. Bibi akavuta kamba, kamba ikagoma.

"Kakuitikia baba yako?"

Nikaziacha kokoto. Nikachungulia. Pipa la chini lilikuwa limelala upande na mchanga umelifunika karibu lote. Baba hakuonekana.

Bibi hakupiga yowe. Alimwita mwalimu, jirani yetu, Mkristo aliyetoka bara, wakaung'oa mlango wa uani na kuulaza ukingoni, ili miguu yetu isiporomoshe mchanga zaidi. Mwalimu alitaka kukimbia akaite wanaume.

"Mwalimu, wakija kwa kishindo watamfukia," bibi akasema. "Wewe mwembamba. Shuka."

Mwalimu akavua viatu, akafanya ishara ya msalaba, akajifunga kamba kiunoni. Ncha ya pili tukaifunga kwenye mkorosho. Akashuka, akaanza kuchota mchanga kwa mikono.

"Ita," bibi akaniambia.

Nikaita. Kimya.

"Ita tena."

"Haitikii, bibi."

"Nimekwambia uite. Sijakwambia uitikiwe."

Nikaita. Ndoo ikatoka, nikaita, ikashuka, ikatoka. Jikoni muhogo wa nazi ulianza kuungua, harufu ikatanda uani, na hakuna aliyekwenda kuutoa. Sauti ilinikauka. Nakwambia kweli, nilimchukia bibi saa ile, kwa sababu kila nilipoita na jibu lisije, niliona kama namzika baba kwa mdomo wangu. Tena nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu: kwamba Mungu aliniona na kokoto zangu, naye sasa ananilipa, naita na yeye hasikilizi.

Bibi alikuwa anavuta kamba, midomo ikimtetemeka. Alikuwa anaomba na kuvuta, hakuacha kimoja akafanya kingine.

Sijui ilikuwa ndoo ya ngapi. Niliita, na mwalimu akapaza sauti: "Nyamazeni!" Hata kuku nadhani walinyamaza. Kutoka chini ya lile pipa ikaja sauti nyembamba, kama ya mtu aliyefunikwa chungu:

"...wa pili."

Pipa lilipoanguka lilimkinga kichwa. Walimtoa karibu na magharibi, mguu umevunjika, macho yamejaa mchanga. Majirani waliokuwa wamekwisha kujaa uani wakawa wanasema, "Mungu si Athumani!" Bibi ndipo akakaa chini akalia kwa kwikwi. Alipomaliza akafuta pua kwa upande wa kanga akauliza nani kauacha muhogo wake uungue.

Mguu ulipopona, baba alikimalizia kisima kile, na tulikunywa maji yake miaka mingi. Siku hizi kimefukiwa, juu yake pana fremu za maduka. Mikorosho imekwisha. Mwalimu alirudi kwao bara, bibi naye ametangulia. Mlango ule ulirudishwa mahali pake ukiwa na michubuko ya mchanga, na nilipokuwa mtu mzima bado nilikuwa nikiupapasa.

Baba alifia kitandani, mzee wa mvi. Wanaume walipolitoa jeneza kwa mlango ule ule, nilijikuta nimeita, kwa sauti ile ya kitoto: "Mungu mmoja!" Wanawake wakanishika, wakidhani kilio kimenizidi. Sikuwa nalia. Nilikuwa nasikiliza.