Utingo wa Norman

Kambi zilifunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, na ilipofika saa nne asubuhi barabara ya kwenda pwani ya Yorkshire ilikuwa haipitiki. Miezi mitatu na ushei watu walikuwa wameambiwa wakae ndani kwa ajili ya korona, nao walikaa. Sasa walitoka kama kuku waliofunguliwa bandani, kila mtu na kijumba chake nyuma ya gari, na wengine, Mungu awasamehe, hawajawahi kukokota hata toroli.

Katikati ya msururu ule alikuwamo Beryl Thackray, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, mpishi mstaafu wa shule huko Barnsley. Nyuma ya gari lake ilifuata karavani yake: chumba kimoja cheupe juu ya magurudumu mawili, chenye kitanda, jiko la gesi na beseni la kuoshea vikombe. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na shingo ilikuwa imemkakamaa tangu alipotoka nyumbani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuivuta.

Si kwamba karavani ilikuwa kitu kigeni kwake. Hata kidogo! Miaka thelathini na minne alikuwa akienda nayo pwani kila kiangazi, ila aliyeendesha alikuwa Norman, mumewe. Beryl alikuwa utingo. Wakifika kambini yeye hushuka, husimama nyuma, akapunga mikono na kupaza sauti: njoo, njoo, kulia, kulia tena, simama! Siku moja aliomba ajaribu kuendesha, Norman akamwambia, "Usukani niachie mimi. Kazi yako nyuma."

Basi hapo ndipo walipokuwa wakigombana, kila mwaka, mbele za watu. Maana Beryl akisema kulia, aliona kwa macho yake mawili matairi ya mbele ya gari yakigeuka kushoto. Akisema kushoto, Norman anakata kulia. "We Norman! Nimesema kulia! Hayo ni masikio au mapambo?" Norman hutoa kichwa dirishani na kujibu neno moja tu: "Nakusikia." Nakusikia, nakusikia, na matairi yanakwenda kwao. Kwamba mwishowe karavani ilikaa mahali pake, hilo Beryl alilihesabu kuwa ni bahati, kwa kuwa ukaidi wa wanaume nao una bahati yake.

Norman alifariki mwaka mmoja kabla ya korona, ghafla, akisubiri birika lichemke. Karavani ikabaki uani chini ya turubai. Ilipotoka amri ya watu kukaa ndani, Beryl alilivua lile turubai, na kila siku saa kumi alasiri akawa anaingia na kikombe chake cha chai na biskuti mbili. Mwanawe Craig alikuwa akimpigia simu kutoka Leeds.

"Mama, uko wapi?"

"Niko pwani."

"Mama, uko uani."

"Wewe ndiye unayeona ua. Mimi niko pwani, na upepo ni mkali."

Craig si mtoto mbaya. Lakini alikuwa ameona kwamba nchi nzima, kwa kuwa haiwezi kupanda ndege, inatafuta karavani, na hata zile kuukuu zinanunuliwa kabla tangazo halijakauka wino. Akampata mtu wa Wakefield aliyeitaka. Akamwambia mama yake kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Beryl kuliko yote. "Nani atakuvutia hiyo karavani, mama? Mimi nina watoto na kazi. Itaozea hapo."

Siku mbili baadaye Beryl akapiga simu yeye. "Nisikilize vizuri. Kambi zikifunguliwa nitaipeleka mwenyewe, na nitaiingiza kwenye nafasi yake mwenyewe. Nikishindwa, au mtu mwingine akiniingizia, Jumatatu mlete huyo mtu wako aichukue. Nikiweza, neno la kuuza nisilisikie tena mpaka mnizike."

"Mama, kwenda mbele kila mtu anaweza. Kurudi nyuma ndiko kunakowaliza wanaume wazima. Usukani unakwenda kinyume."

"Nimesimama nyuma ya kitu hicho miaka thelathini na minne. Usinifundishe!"

Ndiyo hivyo. Kuona na kutenda ni ndugu, lakini si ndugu wa tumbo moja.

Langoni alimkuta Keith Pickersgill, msimamizi wa kambi, barakoa imeshuka kidevuni na karatasi ya majina mkononi. Walijuana miaka. "Beryl! Umekuja na nani?"

"Na kichwa changu."

"Toba! Haya, karibu. Tangu tangazo litoke simu haijanyamaza, nikilala naota inalia. Tumejaa mpaka kwenye nyasi za mbuzi." Akatazama karatasi, akajikuna. "Imebaki nafasi moja tu. Kumi na saba."

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Beryl alikuwa ameendesha taratibu njia nzima, magari yakimpita na kumpigia honi, na sasa haya ndiyo malipo yake. Namba kumi na saba aliijua. Kushoto ukuta wa mawe, kulia jirani, na njia yake nyembamba. Norman mwenyewe alikuwa akiikimbia.

"Miaka mingine ningeingia mimi nikuwekee," Keith akasema. "Mwaka huu siruhusiwi kutia hata mguu kwenye gari la mtu. Amri ya korona."

"Sikukuomba," Beryl akasema, akatia gia.

Sasa, sisi watu wa karavani tuna tabia moja, na sitaificha. Karavani ikianza kurudi nyuma, kila mtu hupata kazi nje. Huyu anaanika taulo lililokwisha kukauka, yule anafuta kioo kisicho na vumbi, na wazee hawajisumbui hata kusingizia, wanatoa viti na vikombe wakakaa. Siku ile, baada ya miezi ya kufungiwa, kambi nzima ilitoka. Jirani wa kulia, Clive, mwenye gari-nyumba refu jipya lenye kitanda, choo na televisheni humo humo, alikwenda kusimama mbele ya gari lake akiwa amekunja mikono kifuani.

Beryl aliita moyoni: kulia. Akakata usukani kulia. Kitako cha karavani kikaenda kushoto, moja kwa moja kuelekea ukutani. Akafunga breki. Akasogea mbele, akanyoosha, akajaribu tena. Mara hii gari na karavani vikajikunja kama kisu cha mfukoni. Nyuma yake magari matatu yalikuwa yakisubiri kupita, na moja likapiga honi. Aliogopa, aliogopa kweli, maana aliiona Jumatatu imesimama pale ukutani ikimngoja.

"Mama!" Clive akapaza sauti. "Ifungue tu hapo kwenye ndoano, tuisukume kwa mikono. Wanaume wanne, dakika mbili kwisha!"

Na ni kweli, ndivyo inavyofanywa. Wangapi tumewasukumia! Craig alikuwa Leeds, hana macho ya kufika huku.

"Nimeahidi kuiingiza mwenyewe," Beryl akasema.

"Ah, nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Utaligonga gari langu, mama!"

"Lisogeze basi, kama ulilitolea mahari."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimpa pumzi. Ndipo akaona mtu amesimama hatua mbili kutoka dirishani mwake, mwanamke kijana mwenye mtandio wa kijani. Alijitaja kuwa ni Shazia, wa Bradford, amekuja na mume na watoto wawili katika gari-nyumba la kukodi.

"Anti, nikusimamie nyuma?"

"Umewahi?"

"Sijawahi lolote. Leo asubuhi nimegonga mapipa ya taka, yote matatu."

"Vizuri, hutakuwa na maringo. Unakiona kile kigingi cheupe? Kona ya nyuma ya karavani, ya kulia, inatakiwa ikae pale. Ndiyo sheria ya kambi, kusudi moto ukizuka usiruke kwa jirani. Simama nikuone kwenye kioo. Niambie karavani iende wapi, na useme simama kabla sijamfikia huyu bwana."

Kigingi! Kila nafasi ina chake, na Norman hakuwahi kufikia hata kimoja. Siku zote alibaki nusu mita pembeni, na Keith alikuwa akifumba macho.

Beryl alisogea mbele mpaka gari na karavani vikanyooka. Akayakumbuka maneno ya Craig, akayameza bila kupenda, kama dawa. Kinyume. Haya.

"Kulia, anti!" Shazia akaita.

Mikono yote miwili ilitaka kwenda kulia. Beryl akauma meno, akakata kushoto. Akaachia klachi polepole, na katika kioo akakiona kitako cha karavani kikiinama kulia, taratibu.

"Anti! Nimesema kulia!" Shazia alikuwa amejongea pembeni na kuyaona matairi ya mbele. "Unakata kushoto! Kulia, anti, ku-li-a! Mbona mbishi? Hunisikii?"

Beryl akatoa kichwa dirishani. "Nakusikia!"

Akakanyaga breki.

Gari lilisimama katikati ya njia na yeye hakusogea. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwake vilevile, kwa sauti ileile, kwa uchovu uleule. Nakusikia. Kumbe Norman alikuwa anasikia! Kila Beryl alipomwambia kulia, yeye alikata kushoto, ili karavani iende kulia pale alipoitaka Beryl. Hakuna hata mara moja aliyoipeleka anakotaka mwenyewe. Viangazi thelathini na vinne alimtii mbele za watu, huku akitukanwa mbele za watu hao hao.

"Wewe mzee," akasema peke yake mle garini, "si ungenieleza?" Halafu akakumbuka jinsi mtu anavyojibiwa akijaribu kumweleza Beryl Thackray jambo. Machozi yalimtoka, na kicheko nacho kikamtoka, vyote pamoja.

"Vipi, amezimia?" Clive akauliza.

"Sijazimia! Shazia, endelea. Sema vilevile, usibadilishe hata neno."

"Lakini huendi ninakosema!"

"Ninakwenda. Itazame karavani, achana na matairi."

Shazia akaitazama karavani, akasema, "Lo!" Toka hapo sauti yake ikabadilika. "Kulia bado, anti. Bado. Sasa nyoosha. Njoo. Njoo. Kushoto kidogo, ukuta uko mbali, usiogope. Njoo, njoo, njoo... simama!"

Hata yule wa honi alikuwa ametoka nje ya gari lake kutazama. Keith akaja na karatasi yake, akainama nyuma ya karavani, akakaa pale kitambo.

"Iko kwenye kigingi," akasema. "Juu yake kabisa. Norman hakuwahi."

"Norman alikuwa na utingo mkorofi," Beryl akasema.

Alishuka, akaifungua karavani kwenye ndoano, akateremsha miguu minne ya chuma ya kuituliza, akawasha jiko. Kwa mazoea akatoa vikombe viwili. Akavitazama kidogo, kisha akavijaza vyote, kimoja akakiweka kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua mbili kama amri inavyotaka, akamwita Shazia aje akichukue. Hapo ndipo alipompigia Craig.

"Imeingia?" Craig akauliza, hata salamu hakutoa.

"Imeingia. Mwambie mtu wako wa Wakefield atafute kwingine."

"Nani kakusaidia?"

"Usukani nimeshika mimi. Nyuma alisimama binti mmoja wa Bradford. Ana mdomo, lakini atafunzika."

Craig akacheka, na Beryl alijua kwa kicheko chake kwamba neno la kuuza limekwisha. Hakukata simu. Alikaa kwenye ngazi na chai yake, akiutazama msururu wa magari ambao bado ulikuwa ukiingia langoni.

"Na baba yako alikuwa ananisikia," akasema.

"Nini, mama?"

"Miaka yote ile, Craig. Alikuwa ananisikia."