Hatuketi Mpaka Kikapu cha Kwanza

Watu wa hapa Corley wakimwona Marcellus Overby juu ya nguzo ya umeme, amejifunga mkanda kiunoni, anaunganisha nyaya zilizokatwa na dhoruba, hutikisa vichwa. Husema yule angekuwa ligi kuu, kipaji alikuwa nacho, alichokosa ni bidii. Wamelirudia neno hilo mpaka limemganda kama jina la ukoo. Siku neno hilo lilipotungwa nilikuwepo, na aliyelitunga alikuwa amekaa nyuma ya mgongo wangu. Ni uongo, na kwa kuwa waliobaki kuusema ukweli ni wachache, nausema mimi.

Mji wetu uko Indiana, mahali ambapo kila gereji ina kikapu juu ya mlango. Zamani tulikuwa na kiwanda cha betri, nilichoingia nikiwa na miaka kumi na sita na kutoka siku kilipofungwa. Kiwanda kimekwenda. Gazeti la mji limekwenda, na maktaba niliyojifunzia karibu kila ninachokijua sasa hufunguliwa wanapojisikia. Kimebaki chuo, na ukumbi wake wa matofali mekundu ambapo vijana wake huchezea mpira wa kikapu, na humo ndani imebaki desturi moja. Filimbi ya kuanza ikilia, sisi wenyeji tunasimama, na hatuketi mpaka timu yetu ifunge kikapu cha kwanza. Hakuna aliyeiandika popote. Mke wangu Opal, Mungu amrehemu, alisimama hivyo akiwa mjamzito, amekaribia kujifungua, na siku hiyo vijana walichelewa kufunga mpaka nikataka kushuka kupigana na refa.

Siku hizo mchezaji alikuja chuoni akiwa kijana, akakaa miaka minne, akaondoka na shahada na pengine mke wa hapa hapa. Tulijua viatu vyake, tulijua bega lake lipi ni bovu. Sasa kila masika wanafunga mizigo na kuhamia chuo kinacholipa zaidi, na wakati majani ya miti yanapoanza kudondoka tunajifunza majina upya, kama wenye nyumba ya wageni. Marcellus hakuhama. Vyuo vikubwa vilimpigia simu, akavijibu kwa adabu kwamba bibi yake yuko Corley.

Bibi huyo ni Ernestine Overby, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, aliyemlea. Kikapu alichojifunzia Marcellus ni cha gereji yangu. Wakati wa baridi alikuwa akichukua koleo langu bila kuniomba, anaondoa theluji mpaka saruji ionekane, kisha anarusha mpira mpaka vidole vinapasuka. Nilimwona kwa dirisha la jikoni, msimu baada ya msimu. Mvivu haondoi theluji mahali ambapo hakuna anayemtazama.

Lakini akiwa uwanjani, uso wake ulikuwa kama wa mtu anayengoja kahawa ichemke. Hakunguruma, hakujipiga kifua. Alikuwa ameshafika pale mpira utakapoangukia kabla wengine hawajaanza kukimbia, kwa hiyo hakuwa na haja ya kukimbia. Pasi zake ziliwafikia wenzake kabla hawajajua kwamba hawana mtu wa kuwakaba. Wasiojua kutazama wakaona mtu aliyelala.

Waliyempenda alikuwa Tanner Kessinger, mwana wa mkulima wa mahindi, aliyekuwa timuni bila kulipiwa ada hata senti. Kessinger alifika mazoezini kabla ya taa kuwashwa. Alikimbia mpaka akatapika kwenye ndoo, akafuta mdomo, akarudi kukimbia. Kazi yake kwa miaka yote minne ilikuwa kumkaba Marcellus mazoezini, na siku za mechi kukaa mwisho wa benchi akipeperusha taulo. Sisemi kwa kumdharau: mpira haukumtaka. Alikuwa hajawahi kufunga hata pointi moja kwenye ukumbi wetu.

Wiki ya mechi yao ya mwisho nyumbani, Kocha Lindauer alikuja kwa Bibi Ernestine. Mimi nilikuwa nagongomea ngazi ya baraza yake iliyooza, kwa hiyo nilisikia yote.

"Jumamosi anakuja mtu wa ligi kuu," Kocha alimwambia Marcellus. "Anaitwa Prescott. Wana nafasi moja kwenye kambi yao ya kiangazi, na neno la huyu ndilo litakalokuingiza au kukuacha nje. Kipaji wameshakiona kwenye video. Wanachouliza ni kama una njaa."

"Njaa?" Bibi Ernestine alidakia kutoka mlangoni. "Nyumbani kwangu? Amemaliza sahani tatu sasa hivi."

"Njaa ya mchezo, mama."

"Basi useme vizuri, Kocha. Majirani wanasikia."

Kocha alivua kofia. "Marcellus, Jumamosi nataka nikuone sakafuni. Jitupe. Piga kelele. Mwonyeshe unaitaka hii kazi."

"Mpira ukiwa sakafuni nitajitupa, Kocha."

"Jitupe hata kama haupo."

Marcellus alicheka. "Sasa nitakuwa natafuta nini huko chini? Meno ya Mzee Vern?"

Vern ni mimi. Niliweka nyundo chini. "Kocha, unatafuta mchezaji au mwigizaji?"

"Namtafutia kijana kazi, Vern. Wewe gongomea ngazi."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Desturi nyingine, hii ya vyuo vyote: mechi ya mwisho nyumbani, wanaomaliza masomo huanza wote, hata yule wa mwisho wa benchi. Kwa hiyo Kessinger aliingia uwanjani na pedi zake za magoti, amepauka kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Prescott alikuwa amepewa kiti nyuma yangu moja kwa moja. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye koti jepesi lisilofaa baridi yetu, na simu iliyokuwa ikimletea takwimu za mechi kila sekunde.

Filimbi ikalia, ukumbi mzima ukasimama. Prescott akabaki kwenye kiti.

Niligeuka. "Simama, bwana. Hapa hatuketi mpaka kikapu cha kwanza."

"Asante, mzee. Nimeendesha gari tangu alfajiri. Mtakapokaa nitaona."

"Kinaweza kuchelewa."

"Hakichelewi," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Mpira wa kwanza Marcellus aliupata chini ya kikapu, hakuna mtu mbele yake. Hata bibi yake angeufunga. Akamrushia Kessinger, aliyekuwa pembeni. Kessinger akarusha, ukagonga chuma, ukatoka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Marcellus aliwapita watu wawili kama mtu anayepita kati ya viti vya kanisa, akafika kikapuni, akageuka, akampa Kessinger. Mpira haukugusa hata chuma.

Hapo tukaelewa. Marcellus alikuwa ameamua kwamba Corley nzima haitaketi mpaka Tanner Kessinger afunge.

"Kessinger, mwanangu, nina goti la bandia," mwanamke mmoja aliita kutoka juu.

"Na mimi nina watoto nyumbani," akaitikia mwingine. "Wataoa kabla hujafunga."

Wageni walikuwa wanafunga tu. Kocha Lindauer alisimama ukingoni mwa uwanja, shingo imekuwa nyekundu. "Overby, rusha. Overby, unanisikia?" Marcellus hakusikia. Kila mpira wa Kessinger uliokosa aliupigania katikati ya viwiko vya watu, akautoa, akamrudishia mwenyewe. Nimemtazama mchezaji huyu tangu kichwa chake hakijafika kwenye kitasa cha mlango wangu, na sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Jasho lilimtoka kama bomba limepasuka. Kessinger alianza kumkimbia, hautaki tena mpira, na Marcellus nilimsikia akimwambia, "Njoo hapa. Unaenda wapi? Njoo."

Kisha mpira mmoja ukagonga ukingo na kuruka kuelekea benchi la wageni. Ulikuwa umeshapotea. Marcellus alijitupa. Aliteleza kwa kifua, akapita chini ya meza ya maji, vikombe vikamwagika, kidevu kikagonga mguu wa kiti, na akiwa amelala pale pale aliupiga mpira kwa kiganja ukarudi ndani. Kessinger aliuokota, akafumba macho, nadhani, akarusha. Ukagonga ubao, ukazunguka chuma, ukaingia.

Ukumbi uliketi kwa mshindo mmoja, kama magogo yanayoshushwa kwenye lori. Watu wazima walikuwa wanalia.

"Kimefungwa?" Prescott aliuliza.

Niligeuka. Alikuwa bado kwenye kiti chake, amezungukwa na migongo iliyokuwa ndiyo kwanza inaketi. Kwa muda wote ule alikuwa ameona makoti yetu tu.

"Umeona alivyojitupa?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Marcellus. Mtu uliyemfuata."

Alitazama simu. "Overby hajarusha hata mara moja. Timu iko nyuma kwa pointi kumi na mbili, na hajarusha."

Nikamweleza yote, neno kwa neno, na nikamwonyesha Marcellus akifungwa plasta kidevuni. Alinisikiliza kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.

"Mzee wangu," alisema, "kila mji ninaokwenda una babu mmoja wa kunihadithia mambo kama haya."

Marcellus alirudi uwanjani na uso wake wa kungoja kahawa. Alirusha, alitoa pasi, aliwarudisha wenzake mchezoni taratibu, na tukashinda. Prescott alitazama yote hayo kwa makini. Aliona mtu anayecheza bila kuhema.

Baadaye, kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, nilisimama na Bibi Ernestine tukimngoja mjukuu wake. Prescott alikuwa akizungumza na Kocha, wala hakushusha sauti.

"Kipaji kipo, hakuna ubishi. Bidii haipo. Nimekuja kutoka mbali, na mwanzo wa mechi hata kurusha hakutaka."

Marcellus alitokea, kidevu kimevimba. Kocha alimshika mkono. "Mwambie, mwanangu. Mwambie ulikuwa unafanya nini."

"Alikuwepo mwenyewe, Kocha."

"Ulijua nimekuja kwa ajili yako?" Prescott alimuuliza.

"Nilijua, bwana."

"Basi kwa nini?"

"Leo Tanner alikuwa anamaliza."

"Kule juu hakuna nafasi ya hisani."

"Haikuwa hisani," Marcellus alisema. "Amenikaba kila siku ya mazoezi kwa miaka minne. Hicho kipaji mnachokiona kwenye video, nusu yake ni viwiko vyake."

Prescott alimpa mkono, akamsifu kwa tabia njema, akaenda zake. Bibi Ernestine alimfuata kwa macho mpaka mlango ukajifunga. "Yule ndiye anayehitaji kula," alisema.

Mimi nilimshambulia Marcellus njia nzima ya kurudi. Kwa nini hakusema amejitupa? Kwa nini hakumwonyesha hata kidevu?

"Mzee Vern, nimwonyeshe jeraha kama tiketi ya basi?"

"Ndiyo. Kama ndiyo tiketi, unaonyesha."

"Mwenye macho aangalie," alisema. "Mimi kazi yangu ni kucheza."

Hawakumwita kambini. Alicheza misimu miwili Finland, ambako anasema watu huketi tangu mwanzo wakila soseji. Kisha Bibi Ernestine akaanguka bafuni, na Marcellus akarudi kumwangalia, akaingia kampuni ya umeme. Dhoruba ikipiga, yeye ndiye wa kwanza kupanda. Hao wanaotikisa vichwa hutikisa wakiwa wamekaa ndani ya nyumba zenye mwanga.

Nimechoka kusikia kwamba bidii lazima ipige kelele ndipo ihesabiwe. Baba zetu kiwandani hawakujipiga kifua walipoingia zamu. Leo mtu anapimwa kwa wapita njia wenye simu, na wenyeji waliomtazama miaka yote hawaulizwi. Sikubali. Nitakufa sijakubali.

Msimu huu uliopita Prescott alikuja tena, kumtazama kijana fulani aliyehamia kwetu mwaka huu na ambaye, nasikia, tayari amefunga mizigo. Prescott nywele zimempungua. Kiti kilikuwa kilekile, na mimi nilikuwa kwenye changu, Marcellus kando yangu na jaketi lake la kazi. Filimbi ikalia. Siku hizi wanafunzi wengi hawasimami, wako kwenye simu zao, lakini sisi wazee tulisimama. Kikapu kiliingia mapema, wenzangu wakaketi.

Mimi sikuketi.

"Mzee," Prescott alisema nyuma yangu, "kimeshaingia."

"Nimekiona."

"Basi keti, tafadhali. Sioni."

"Umeshazoea."

Marcellus alinivuta mkono wa koti. "Mzee Vern, keti. Una miaka themanini. Utaanguka."

"Nikianguka utanidaka. Uliwahi kudaka vigumu zaidi."

 Alipumua, akatia kofia yake mfukoni, akasimama kando yangu, na kwa urefu wake Marcellus akisimama, huchukua muda mrefu kabla hajamaliza. Nyuma yetu nilisikia mtu akikusanya koti na karatasi zake, akiomba radhi kwa magoti ya watu, akitafuta kiti kingine.