Kabureta au Injekta: Injini Tuliyokataa Kuisaini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Fundi Mkuu wa karakana ya ndege pale Bariadi alinitazama, akanirushia ovaroli. "Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "hapa hatujaja harusini."

Kampuni binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua pamba, na yetu ikataka ndege ya kunyunyizia dawa mashamba, kuanzia Kasoli hadi Mwandoya. Injini halisi ya ndege ilikuwa na bei ya kutisha, hivyo Meneja akaleta ya gari tuigeuze. Swali likawa tuilishe petroli kwa kabureta au kwa injekta.

Kabureta haihitaji umeme. Petroli hushuka yenyewe kutoka tangi la kwenye bawa, ikavutwa na hewa inayoingia kwenye injini. Ubaya wake, petroli ikigeuka mvuke hupoza koo la kabureta, na siku ya unyevunyevu barafu huliziba. Msicheke, barafu, hapa hapa Usukumani. Injekta, inayopuliza petroli kwa nguvu ya pampu, haina maradhi hayo, lakini pampu yake huishi kwa umeme. Pampu ikifa, injini nayo imekufa. Fundi Mkuu aliomba pampu mbili na betri mbili. Meneja akasema moja moja zinatosha. Basi tukafunga kabureta, pamoja na kishikio cha kuingiza hewa iliyopashwa moto na ekzosi, ili iyeyushe barafu.

Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyefunga injini hupanda safari ya majaribio. Nilipanda na Rubani, kijana mcheshi sana. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Tukiwa juu kabisa injini ikakohoa, nguvu zikaisha, nikabaki nasikia upepo tu. Niliogopa kufa, nasema kweli. Rubani akavuta kishikio. Tulishuka, tukazidi kushuka, ndipo injini ikatikisika na kuamka.

Tulipotua, Meneja alipiga makofi. "Si imerudi? Kesho inyunyize!"

Fundi Mkuu akatikisa kichwa. "Imerudi kwa sababu huko juu kulikuwa na nafasi ya kushuka. Ndege ya dawa hupita karibu na vichwa vya pamba. Ikizimika pale, huyu kijana atashukia wapi? Mimi sisaini kibali chake cha kuruka."

Akafukuzwa kazi palepale. Meneja akanigeukia. "Saini wewe, na cheo chake ni chako."

Nilikitaka cheo kile, tena sana. Lakini nilikuwa nimeusikia ule upepo. Nikakataa, nami nikafukuzwa. Ndege ilikaa chini ya turubai mpaka kampuni ikahama.

Baadaye nilitengeneza pampu za maji na mashine za kuchambua pamba, hadi mikono ilipoanza kutetemeka nikastaafu. Injini nilizoziamsha ni nyingi, na nyingine nimezisahau. Ile tuliyoikataa ndiyo ninayojivunia.

Fundi Mkuu tulimzika Somanda. Rubani, sasa mwenye mvi kichwa kizima, alishika jeneza upande wa mbele. Alipochoka, wanawe walimpokea, watu wazima wenye mabega mapana, na wote walizaliwa baada ya siku ile.